Treni ya Uani kwa Mama Odette

Harufu ya mawese yanayochemka haina adabu. Huingia nyumbani bila kubisha hodi, hukaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye daftari za shule, na ukiondoka Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, husafiri nawe. Msimu ninaoukumbuka ulinukia hivyo kutwa kucha, maana michikichi ilikuwa imezaa vizuri na karibu kila ua wa mtaa wetu ulikuwa na pipa motoni. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa Ulaya mwaka wa tatu, akioka mikate, na hatimaye tulikuwa tumepata ruhusa ya kumfuata: Mama, mimi, na mdogo wangu Hassani, aliyezaliwa Baba akiwa ameshaondoka na ambaye Baba alimjua kwa picha tu. Ndege ingetushusha katika mji mmoja, kisha tupande treni hadi mji wake, peke yetu, kwa sababu kazi yake ilikuwa mpya na tajiri wake hakutaka kusikia habari za ruhusa. Sasa, nchi yetu haina hata pima moja ya reli. Mama aliijua barabara yote ya ziwani, toka Nyanza-Lac hadi Kabezi, alijua wapi pananunuliwa ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, na wapi wanapunja, lakini treni aliijua kwa jina tu.

Kwa hiyo Baba akawa anatutumia masomo kwa sauti kwenye simu, na tuliyasikiliza sote, tukiwa tumekaa mkekani baada ya kula. Valizi, sanduku kubwa la safari, huwekwa juu, kwenye rafu. Haiwekwi kwenye kiti, kiti ni cha mtu. Haiachwi njiani, watu wanapita. Usiguse mzigo wa mwingine. "Na wewe Mama Fatu," sauti ilimalizia kila mara, "tafadhali, usianze kuombaomba watu. Huku kila mtu anapandisha mzigo wake mwenyewe, ndiyo heshima." Mama alisikiliza mara mbili, akazima simu, akasonya. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," alisema. Sisi watoto tulicheka, ingawa yeye hakuwa akicheka.

Mtu pekee mtaani aliyewahi kupanda treni alikuwa jirani yetu Mama Odette, muuza maharage, aliyekulia ukimbizini Tanzania na kuijua treni ya Kigoma tangu ujana wake. Akajiteua kuwa mwalimu wetu, na hakuna aliyethubutu kumpinga. Alipanga mabenchi uani kwake mawili mawili, akaacha njia katikati, na ubao wa kuanikia bidoni, madumu ya mafuta, uliokuwa juu kupita kichwa cha mtu mzima, ukawa rafu. Watoto wa mtaa ndio waliokuwa abiria. Yeye alikuwa injini, honi na mkagua tiketi kwa wakati mmoja. Shida ni kwamba treni yake na treni ya Baba hazikuwa na undugu. Kwa Mama Odette, mzigo hufungwa kwa kamba kwenye mguu wa mwenyewe, na mwenye akili timamu huulalia. Baba aliposikia habari ya kamba nusura alie. Mama Odette akakubali kwa shingo upande. "Bon, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho," alisema, akaikunja kamba yake taratibu. Tukaendelea na mazoezi alasiri baada ya alasiri, na nadhani hapakuwa na watoto kwenye mwambao ule wote waliojua kupanga mizigo ya treni kama sisi.

Aliyeshindwa alikuwa Mama. Kwetu, mtu hajitwiki mzigo mzito peke yake. Ukitaka kubeba bidoni ya mawese au mkungu wa ndizi, unamwita yeyote aliye karibu, hata kama humjui, na unasema tu, "Nitwike." Yeye anashika upande wake, wewe wako, mzigo unapanda kichwani, kila mtu anashika njia yake. Kumkatalia anayekuomba hivyo ni aibu ambayo sijawahi kuiona ikitendeka. Mama alikuwa mwanamke mwenye nguvu. Kichwani alibeba mizigo ambayo leo mimi nisingeisukuma kwa miguu. Lakini mikono yake ilijua nusu ya kazi ya kuinua, nusu nyingine siku zote ilikuwa ya mwenzake. Akiwa na Hassani mgongoni, aliifikisha valizi kifuani, ikakwama hapo. Akajaribu tena. Mara ya tatu valizi ilimponyoka, ikaangusha bidoni mbili, na ua mzima ukaangua kicheko. Baba akatuma sauti ya kumtia moyo, eti mtaka cha mvunguni sharti ainame. "Cha mvunguni nakiweza," Mama akamjibu. "Hiki cha darini ndicho kimenishinda. Siendi."

Hakuwa akitania. Siku zilizofuata hakugusa valizi, na Baba alipopiga simu alinipa mimi niongee. Nilikuwa nimeshaanza kuisahau sura ya Baba isiyokuwa ya kwenye picha, na nililia mpaka nikapata homa. Mama Odette ndiye aliyekuja, akaketi kizingitini akichambua maharage yake, akauliza kana kwamba anauliza bei ya chumvi:

"Mama Fatu, hiyo treni ya Ulaya iko na watu ndani?"

"Iko."

"Basi. Unaogopa nini? Utaomba."

"Baba Fatu amesema tusiombe."

"Baba Fatu iko na mutoto mugongoni?"

Mama akacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Mpaka leo namshukuru Mama Odette kwa swali lile kuliko kwa mafunzo yake yote.

Treni yenyewe ilikuwa safi na kimya. Mama alisimama njiani, Hassani mgongoni, valizi kifuani pake, nyuma yetu foleni ya watu wapole wakisubiri. Hakuna aliyesogea. Wengine walitazama simu, wengine dirisha. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamelelewa kwa masomo yale yale ya Baba, usiguse mzigo wa mwingine. Valizi ilianza kumponyoka Mama, nami nilikuwa mfupi, sikufaa kitu. Ndipo akapaza sauti, kama vile yuko pale sokoni kwetu: "Jamani, munitwike!" Behewa zima liligeuka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kijana mmoja mwenye vidude vya muziki masikioni aliinuka upesi, ingawa neno lenyewe hakulijua, kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa tu, na bwana mmoja mzee akaondoa koti lake rafuni kutupa nafasi. Kijana akashika upande wake, Mama wake, valizi ikapanda. "Murakoze," Mama alishukuru, akaketi, akafuta jasho. Tulipofika, kijana yule alitutua valizi bila kuombwa. Kituoni Baba alimpokea Hassani kwa mara ya kwanza, na Hassani, alipojiona mikononi mwa mgeni, alipiga ukelele uliowageuza watu wote.

Sasa mimi ni mtu mzima, na treni napanda karibu kila siku kwenda kazini. Sidai kwamba zamani ilikuwa bora. Moshi wa mawese ulitutoa machozi, na masomo ya Baba nayaheshimu, kwa kuwa kiti kisicho na begi kimewahi kunipumzisha nilipochoka sana. Rumonge nako nilikokwenda kuwasalimu watu, masanduku mengi siku hizi yana magurudumu na huvutwa na mtu mmoja. Mama amezeeka kidogo, anajua Kifaransa cha kumtosha, na mkoba anaosafiri nao ni mdogo kiasi kwamba Hassani huuninginiza kwenye kidole. Hata hivyo, kila tukipanda treni humgeukia mtu asiyemjua na kumwomba amsaidie kuupandisha. Juzi nilimwuliza kwa nini, ilhali mkoba huo anauweza mwenyewe. Alinishangaa kidogo.

"Nikiupandisha peke yangu," alisema, "nitakuwa nimesafiri na nani?"