Kumkunja Si Kumkaanga

Nakumbuka siku moja kule Nuu, mwanangu, mvua imenyesha, na sisi watoto tunacheza mwethya, ile kazi ya kusaidiana. Mama zetu walichimba mitaro ya shamba kwa kikundi wakiimba. Sisi nasi tukachimba yetu nyuma ya jikoni kwa vijiti. Shule sijaanza, lakini msimamizi nilikuwa mimi. Hata wakati huo nilijua kuamuru watu!

Baba akafika kutoka kazini Makindu, kibao cha kuandikia mkononi. Kuniona matope mpaka masikioni, akawaka.

"Huyu kesho tunaenda naye Makindu. Atakaa chumbani asome. Mchezo haujazi tumbo."

Nikalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Niachane na susu, nyanya yangu aliyenilea?

Susu alikuwa akipepeta pojo. Hakuinua hata macho.

"Mutua, ndama anayenyonya ulimfunga jembe lini?"

"Mama, dunia imebadilika."

"Imebadilika tangu uteleze mlimani juu ya ngozi ya ng'ombe wangu mpaka ikatoboka? Na kaptula pia! Kijiji kizima kiliona matako yako. Na leo si una mshahara?"

Majirani wakacheka. Baba akanuna, akaja kusimama juu ya mtaro wangu.

"Umeelekea bondeni. Maji yatauvunja."

"Ndiyo maana nimeweka mawe hapa."

Akachuchumaa, akamwaga maji atazame. Mawe yakashika kidogo, kisha yakaenda. "Jenga tena," akasema, akakunja suruali. Kesho yake akarudi Makindu peke yake.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini uliza, kutoka Nuu mpaka Kwa Vonza, yale matangi na maduka ya mawe ni mkono wa nani! Kupima nilifundishwa ukubwani. Kubomokewa na kuanza upya, kugawa kazi, kupatana na aliyeniudhi, hayo niliyajua nikiwa na kamasi.

Siku hizi nyinyi vijana mnawaketisha watoto wa miaka mitatu na kalamu, eti nguo zisichafuke. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini kumkunja si kumkaanga. Shule haikimbii. Mpe mtoto makopo, mchanga na wenzake, kisha kaa kando. Usimwelekeze kila saa.

Mungu akupe nyumba yenye kelele, mwanangu, na vumbi la miguu midogo lisikosekane mlangoni pako.