Sufuria la shangazi lililoota nywele msibani

Wakuu, habari za mchana.

Ninachowaandikia kimenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mkimaliza mtanitukana na ruksa mnayo, ila msikimbilie kutukana kabla ya kufika mwisho.

Mimi ni fundi wa kusubu sufuria hapa Kyela, upande wa Ipyana. Nanunua skrepa za alumini, nayeyusha, namimina kwenye udongo, sufuria linatoka.

Kwa wasioijua kazi hii, alumini si moja. Ukiyeyusha nyaya za umeme peke yake unapata sufuria laini, likianguka tu limebonyea. Pistoni za gari ni habari nyingine. Zile kiwandani zimechanganywa na silikoni, kwa hiyo zikiyeyuka zinatiririka hadi kwenye kona zote, na zikipoa zinakuwa ngumu. Ila ukimimina pistoni tupu, ugumu unazidi na siku ya kudondoka linapasuka.

Kazi yote iko kwenye mchanganyiko. Kitu kidogo kikiingia, chuma kizima kinabadilika tabia.

Sasa huyu shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Majirani wanamwita Mama Atu. Anaishi Bujonde, ana kokoa zake na jaruba la mpunga. Sufuria kubwa kuliko yote niliyowahi kusubu nilimpa yeye, nikachanganya pistoni na nyaya kwa uangalifu wote. Likawa sufuria la mtaa. Msiba ukitokea, watu wanakuja kuliazima.

Na shangazi kwa usafi humwezi. Kwetu mwanamke anapimwa kwa sufuria zake, lazima zing'ae hadi ujione uso. Yeye anasugua kwa mchanga wa ziwani, anaagiza mfuko mzima kutoka Itungi.

Mwaka jana nilikuwa machimboni Chunya, natafuta dhahabu. Nilirudi mikono mitupu nikafikia kwake. Begi langu nikalitundika kwenye msumari jikoni nikalisahau, nikarudi kwenye kazi yangu ya kusubu.

Mke wa Baba Tusa, jirani yake shangazi, akafariki. Ghafla tu, wiki haikuisha tangu augue.

Asubuhi ya siku ya pili ya msiba shangazi akasugua sufuria lake, akalifunika, akalibeba kichwani mwenyewe hadi msibani. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Mimi nilikuwa na wanaume pale, tunapasua kuni.

Saa tano hivi akina mama wakafunua sufuria waweke maji ya wali. Mmoja akapiga yowe ambalo mpaka leo nalisikia.

Tukakimbilia. Wakuu, ndani ya lile sufuria, chini pale, palikuwa pameota nywele nyeupe.

Si ukungu. Ukungu naujua. Hizi zilisimama wima, ndefu kama kidole, nyembamba kama mvi za kizee. Na zilikuwa zinakua huku tunaziangalia! Unaona kabisa zinapanda, taratibu, bila sauti yoyote.

Mama mmoja jasiri akazifuta kwa kitambaa. Chini yake pakang'aa kama kioo. Kabla hajakikung'uta kitambaa, zikaanza kuchomoza tena.

Nikagusa ubavu wa sufuria. Lilikuwa la moto. Moto wa jikoni ulikuwa bado haujawashwa.

Siwafichi. Mimi niliyelisubu kwa mikono yangu nilirudi nyuma kama wengine.

Baba Tusa akasogea. Alikuwa hajalala siku mbili, macho mekundu. Akasema kwa upole, na ule upole ndio uliotisha.

"Mama Atu, umetuletea nini hapa? Mke wangu hajatosha?"

Shangazi akasema, "Kyala, Mungu wangu, ananiona. Nimelisugua asubuhi hii hii, lilikuwa safi." Kisha akanigeukia. "Gwe, mwanangu, si wewe ndiye uliyelitengeneza? Waambie basi hiki ni kitu gani."

Watu wote wakaniangalia.

Nikasema, "Sijui, shangazi."

Na kweli sikujua. Hapo nilikuwa bado msafi.

Jioni nikaingia jikoni kwake. Begi langu lilikuwa pale pale kwenye msumari, na alama ya duara la sufuria ikiwa sakafuni chini yake. Nikapekua mfuko wa pembeni. Kichupa cha zebaki ya kukamatia dhahabu nilichorudi nacho kutoka Chunya kilikuwa kimepasuka kizibo. Yalibaki matone mawili kwenye mshono.

Ndipo nikakumbuka. Machimboni zebaki ilimwagika kwenye sahani ya alumini ya mwenzetu, kesho yake sahani ikawa na manyoya na tundu.

Alumini inaishi kwa sababu ina ngozi nyembamba sana inayoilinda na hewa. Shangazi kwa mchanga wake aliikwaruza ile ngozi, zebaki iliyokuwa imedondokea ndani kutoka begini ikapenya, ikajichanganya na chuma. Ngozi ikakosa pa kushika. Alumini yote iliyokutana na hewa na unyevu wa ile mvua ikawa inaliwa na kutoka kama nywele, na ule moto ni wa kuliwa huko. Hakuna mchawi. Kulikuwa na mimi na kichupa changu.

Nikanyamaza.

Nilinyamaza siku mbili, wakuu. Niliogopa kuitwa mtu aliyetaka kutia sumu msibani. Siku hizo mbili hakuna aliyemwambia shangazi hata salamu ya "ugonile". Kokoa zake zikalowa uani, hakuna wa kumsaidia kuanua. Mtu akachora msalaba wa majivu mlangoni kwake. Nyie mnajua huku kwetu mambo hayo huishia wapi kwa mama mzee.

Siku ya tatu nikashindwa. Nikaenda kwa Baba Tusa mchana kweupe, watu wamejaa, nikaeleza kila kitu. Nikachukua mfuniko wa alumini, nikausugua kwa mchanga, nikadondosha tone la ile zebaki iliyobaki. Tukasubiri. Nywele zikaota.

Nilitegemea watapumua. Baba Tusa akautazama mfuniko, akasema:

"Kumbe mnajua kuziotesha. Ni ukoo mzima."

Mwalimu wa sayansi wa sekondari alikuja kesho yake akaeleza yale yale, wengi wakaelewa, Baba Tusa mwenyewe akaenda kuomba radhi. Sufuria lilikuwa limeshatoboka, tukalifukia mbali na kisima. Shangazi nikampeleka hospitali, maana alilisugua kwa mikono mitupu. Wakasema yuko salama.

Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Siku ile uliposema hujui, ulikuwa hujui kweli?"

Nikamwambia kweli, shangazi.

"Na kesho yake?"



Wiki ile akavuka mpaka kwenda Karonga kwa binti yake Atu. Jaruba kaliacha, kokoa kaziacha. Nikimtumia ujumbe anajibu "ndaga", yaani asante, basi. Kuomba radhi nimeomba mara nyingi, naye anasema amesamehe, ila harudi.

Nilichojifunza: wachimbaji, zebaki msirudi nayo nyumbani, ni sumu na inakula vyombo. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba majirani walimshuku kwa kutojua, mimi nilimwacha huku najua.

Aliyewahi kumrudisha mtu wa hivi nyumbani anieleze alianzia wapi. Na wenye matusi, uwanja ni wenu, nitasoma yote.