Maji ya Mama na Vidonge Vyangu

Mkunga mwenye hasira kama mimi angefaa kunyimwa ruhusa ya kutembelea jamaa zake. Miaka ya sitini nilifanya kazi hospitalini Nakuru, na kila Jumapili ya mapumziko nilipanda Dundori kwa mama yangu kuwasumbua watu. Chimbeni choo mbali na kisima. Chemsheni maziwa. Nani aliwaambia mtoto wa wiki mbili apewe uji? Walinisikiliza kwa adabu, nikiondoka wanacheka.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mgongo ulikuwa unamuua kwa kuchimba viazi. Nikamwambia apumzike. Apumzike vipi na lori linangoja? Basi nikampa kopo la aspirini, ameze asubuhi, mchana na jioni mpaka ajifungue. Siku hizo tulizigawa kama peremende.

Alijifungulia nyumbani. Nilifika asubuhi hiyo hiyo nikakuta mama ameshamwosha mtoto, maana kwetu ni nyanya anayemwosha mjukuu kabla mwingine hajamshika. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu, kucha za bluu, mbavu zikididimia kila akivuta pumzi. Ala! Nikatoka naye uani, majirani wamejaa na vibuyu vyao vya uji, nikampigia mama kelele.

"Umemwosha na maji baridi! Umemuua mtoto wa watu!"

"Maji yalikuwa moto," mama akasema. "Nilipima na kiwiko."

"Moto gani? Si umwangalie!"

Tulishuka mjini kwa pikapu ya viazi. Daktari akamweka mtoto kwenye oksijeni, kisha akanigeukia na maswali utadhani mimi ndiye mshtakiwa. Mimba ilipitisha siku? Hapana. Maji ya uzazi yalikuwa ya kijani, labda mtoto amevuta kinyesi chake? Yalikuwa safi. Mama yake ana homa? Ana kisukari? Hapana, hapana, hapana! Nikamwambia ni baridi, ni ukaidi wa wazee, aandike hivyo tumalize. Habari za dawa hakuuliza, nami sikusema. Kwangu aspirini haikuwa dawa ya kutajwa.

Ilichukua siku tisa rangi kurudi na mtoto kunyonya. Sote tulishukuru Mungu. Lakini mama hakumgusa tena mtoto mchanga. Wajukuu wanne walizaliwa baada ya yule, na wote wanne waliogeshwa na jirani, mama amekaa nje na mikono yake mapajani. Hilo nalo liliniudhi. Nilimwambia aache kununa.

Miaka ya sabini nikapelekwa mafunzoni, na daktari mmoja akatueleza ugonjwa ule. Tumboni mtoto hatumii mapafu. Damu nyingi huyakwepa kupitia tundu la moyoni na mshipa mdogo wa pembeni. Akizaliwa, mishipa ya mapafu hulegea, damu ikaingia kuchukua hewa. Isipolegea, presha ya mle ndani hubaki juu, damu inaendelea kukwepa, mtoto anageuka bluu. Akataja yanayoweza kuleta balaa hilo: kuvuta kinyesi, maambukizi, kisukari cha mama. Halafu akasema, huenda pia aspirini ya miezi ya mwisho, kwani inaweza kuubana ule mshipa mtoto akiwa bado tumboni, damu ikasukumwa mapafuni kabla ya wakati, na mishipa ya humo ikakakamaa isilegee tena. Nilitamani kumrushia kiti. Sasa ndio unaniambia?

Jumapili iliyofuata nilimkuta mama jikoni akimenya viazi. Nikafunga mlango, nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Huenda haikuwa maji yako, mama. Huenda ni vidonge vyangu. Nisamehe.

Hakuinua kichwa.

"Siku ile uliniita muuaji pale nje, watu wote wakisikia," akasema. "Leo unanisafisha ukiwa umefunga mlango?"