Kifaduro Kilinifuata Nyumbani

Kina mama wenzangu wa Kinyerezi, nimeombwa niseme, na leo pumzi ya kusema ninayo tele.

Mie kazi yangu ni utafiti wa magonjwa ya kuambukiza ya watoto, hasa kifaduro, kile kikohozi kinachombana mtoto mpaka akivuta pumzi anatoa mlio. Nilikuwa napita kwenye zahanati kuchukua sampuli puani kwa watoto na kurekodi vikohozi vyao kwenye simu. Nyumbani nako kulikuwa na furaha. Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa amejifungua, yuko kwangu hadi arobaini, na kichanga chake, Salha, nilikuwa namwogesha mwenyewe.

Ilianza kama mafua tu. Baadaye kikohozi kikawa kinanishika mfululizo, sina hata nafasi ya kuvuta hewa. Macho yakawa mekundu, chai yote nikaitapika, na mkojo ukanitoka, mtu mzima mie! Nikajisemea ni vumbi la barabarani.

Siku moja nakohoa jikoni, nimeng'ang'ania meza, mume wangu akapaza sauti kutoka sebuleni:

“Mama Nasri, hebu zima hiyo simu! Utamwogopesha mtoto na hivyo vikohozi vyako vya kazini!”

Simu ilikuwa chumbani, kwenye chaji.

Mlio niliokuwa nautafuta kwa watoto wa watu ulikuwa unatoka kifuani mwangu. Salha tulimfungia ndani ili mabaya yasimfikie, kumbe mabaya ndiyo yanamwogesha! Umri wa chanjo alikuwa bado hajaufikia, na kwa kichanga kifaduro kinaua. Nimeona kwa macho yangu.

“Mwanaidi, mbebe mtoto twende hospitali. Na usinisogelee.”

“Dada, arobaini bado!”

“Ukibisha tutaimalizia wodini!” nilimfokea huku nalia.

Safari hii kijiti cha sampuli kiliingia puani mwangu. Kilikuwa kifaduro kweli. Daktari akanipa antibayotiki, na Salha akapewa ya maji ya kumkinga.

“Mmewahi,” alisema. “Sasa tumwangalie.”

Nikahamia chumba cha uani. Nilikohoa mpaka ubavu ukapata ufa, nikawa nalala nimeketi, nimekumbatia mto. Salha akipiga chafya tu, nachungulia dirishani. Mwanaidi akawa anasimama naye mbali, ananicheka:

“Dada, tulia. Ananyonya tu huyu, wala hana habari na wewe.”

Na hakukohoa. Alhamdulillahi, hakukohoa kabisa!

Namshukuru daktari, na mume wangu kwa masikio yake. Nanyi nawaomba: mtu mzima ukikohoa hivyo, kaa mbali na kichanga, ukapime. Na siku ya chanjo ikifika, msingoje kesho.

Ya Salha ilipofika nilimpakata mie. Sindano ilipoingia alitoa kilio kirefu cha pumzi moja, foleni nzima ikageuka. Mwanaidi aliziba masikio. Mie nilicheka mpaka ubavu ukaniuma, maana kifua kile kilikuwa kizima.