Sindano Tatu za Jirani Yangu

Sindano ya kwanza alichomwa Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, na nilihakikisha nipo. Kituo cha afya kiko chini ya mteremko, kwa hiyo tulishuka pamoja, yeye mbele na mimi nyuma. Alipoambiwa akunje mkono wa shati aliuliza kwa sauti ya chini, "Si ni ku tumbo?" Muuguzi alicheka, akamwambia sindano za tumboni ziliisha na wazee wetu. Mimi nilikuwa najua hilo tangu jana yake. Nilimwacha alale na hofu ya tumbo lake.

Mtu huyo ni jirani yangu hapa Cimpunda, mtaa wa mlimani mjini Bukavu. Bati la nyumba yake linaanzia pale kizingiti changu kinapoishia, hivyo mvua ikinyesha maji yangu yanateremka kwake, na siku zote maneno yake yanapanda kwangu.

Mbwa aliyetufikisha kituoni alikuwa wake kwanza. Alimfuga kwa ajili ya wezi. Mwanzoni mwa mvua za mwaka jana mbwa huyo alianguka uani kwake, akakakamaa, akapiga miguu hewani na kutoa mapovu. Jirani alisema amelogwa. Siku ya tatu alianguka tena, na mchana huohuo, nikiwa mlangoni ninachambua maharage, nilimwona jirani akipita na gunia la unga lililofungwa kamba. Alikwenda hadi kwenye korongo linalopitisha maji ya mvua, akalitupa, akajifuta mikono kwenye suruali. Gunia lilikuwa linacheza. Niliteremka kwa makalio, maana pale mtu hawezi kusimama, nikalivuta hadi juu. Nilimkuta jirani amesimama ukingoni, ananitazama.

"Maman, unaokota takataka yangu?"

"Ndiyo, papa. Si ulishaitupa?"

"Itakufia mu mikono."

"Ikufe mu mikono yangu. Lakini haitakufa mu gunia yako."

Daktari wa mifugo aliniambia ni kifafa, kama kile cha watu, na kwamba hakiambukizi. Nusu kidonge saa kumi na mbili asubuhi, nusu saa kumi na mbili jioni, bila kuruka hata mara moja. Ninakificha ndani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu kwenye bugali anakitema. Nilinunua daftari la shule nikaanza kuandika: siku, saa, alikuwa anafanya nini kabla, ilichukua dakika ngapi. Nilijifunza kuondoa vigoda, kutotia mkono mdomoni mwake, kukaa chini na kungoja. Baadaye huwa haoni vizuri. Anagonga kuta, anazunguka meza mara nyingi, kisha anakula kama aliyetoka kifungoni. Mwanzoni kifafa kilimkamata kila juma. Kufikia miezi minane ilikuwa mara moja kwa mwezi, na kuna mwezi mmoja ambao ukurasa wake ulibaki mweupe.

Ukurasa huo ndio uliomuuma jirani. Mbwa aliyemtupa alikuwa anapita mbele ya mlango wake kila siku, amenenepa, na watu walimuuliza, "Papa, ile haikukuwa imbwa yako?"

Jumapili moja, watu wakitoka misa, mbwa alianguka njiani mbele ya robine, tunapochota maji. Watu walisogea kwa sababu ya mapovu. Hapa wengi wanaamini ukikanyaga povu la kifafa nawe umekipata. Nilikuwa nimepiga magoti karibu naye, ninatazama saa, niliposikia sauti ya jirani ikipaa.

"Imbwa ya kichaa! Imenikamata! Muangalie!"

Alikuwa amekunja suruali. Upande wa ndani wa mguu wa kulia palikuwa na kidonda, alichosema ni cha meno ya mbwa. Watu walishaokota mawe. Nilimlalia mbwa kwa kifua hadi mtikisiko ukaisha, dakika mbili na kitu, na sijui kama walioshika mawe walinihurumia mimi au nguo yangu ya misa.

Shefu wa mtaa alifika. Ni mzee mpole anayependa kila jambo lipite kwa taratibu, na nilijua kwamba taratibu ndiyo bahati yetu pekee. Nilimpa simu, daktari akiwa hewani, nikaongeza sauti ili wote wasikie.

"Mukiiua leo, hamutajua kitu," daktari alisema. "Muifunge siku kumi. Kama ni kichaa, itakufa yenyewe. Siku kumi zikipita na iko muzima, basi haikukuwa kichaa. Na ule imbwa ilikamata, kesho asubuhi aende ku sindano. Ya pili kisha siku tatu, ya tatu kisha juma."

Shefu alitoa amri yake: mbwa afungwe kwangu, na kamba ikionekana imefunguliwa kabla ya siku kumi, auawe siku hiyohiyo. Jirani awe anapita kila asubuhi kumwangalia na kutia sahihi, kwa kuwa yeye ndiye mlalamikaji. Nikatoa daftari langu.

Wakati wote huo nilikuwa nimeutazama ule mguu. Kidonda kilikuwa cha duara, kimeshakauka kingoni, katikati kinang'aa. Hakikuwa na alama ya jino hata moja. Kila anayepanda pikipiki mjini Bukavu anakijua. Ninacho changu, mahali palepale. Ni bomba la moshi, unaposhuka kwa haraka upande usiofaa. Sentensi moja ingetosha: papa, hii ni pikipiki. Mbwa angerudi nyumbani bila kamba.

Nilifungua mdomo. Kisha nikauona uso wa jirani ulivyosinyaa kwa hofu ya lile neno la sindano, nikafunga mdomo.

Kila asubuhi alikuja saa moja. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jikoni, na alipomwona alitikisa mkia hadi kiuno chote kikacheza, akilia kwa furaha kama kwa ndugu aliyetoka safari. Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilimpa jirani kalamu atie sahihi.

"Uandike: iko muzima."

"Nitie sinyatiri tu."

"Apana. Uandike kwanza."

Aliandika. Alhamisi alichomwa ya pili, nami nilikuwepo. Mkono ulimvimba na homa ikampata, na habari zilifika kwenye robine kabla yake.

"Papa Sindano!" akina mama walimwita akipita na kindoo chake. "Umeshaanza kubweka?"

"Mumuache. Usiku nilisikia mutu anakwaruza mulango, nikajua ni yeye."

"Maji unaogopa ao hauogope? Sogea, tukumwangie kidogo tuone."

Nilikuwa kwenye foleni. Nilicheka hadi ndoo ikaniponyoka. Angeweza kuwaambia wakati wowote kwamba hakuumwa na mbwa, alichagua kuchomwa. Nilijiambia ni yeye anayejichoma.

Lakini daftari lilikuwa linaandika habari nyingine. Mbwa aliyezoea kupanda na kushuka mlima nami sasa alikaa siku nzima kwenye kamba ya mita moja, watu wakichungulia na kumzomea kupitia ua. Siku ya nne alikataa sambaza, nikamfungua mdomo kwa vidole kidonge kiingie. Siku ya tano kifafa kilimkamata asubuhi, na jioni tena. Siku ya sita, mara moja. Nilimpigia daktari.

"Unaweza kuifungua?"

"Wataiua, daktari."

"Basi uchunge sana. Mara za kuanguka zikianza kufuatana bila yeye kuamka katikati, ujue inakufa."

Niliandika maneno hayo kama alivyoyasema. Sentensi yangu moja bado ilikuwepo, nzima, na ilibaki sindano moja.

Jumatatu ya pili kilimkamata saa kumi na mbili, nikiwa na kidonge mkononi. Jirani alipokuja saa moja alimkuta amelala, macho wazi, mkia umetulia. "Hii itakufa," alisema, na niliona jinsi matumaini yalivyomwinua mabega. Aliandika "iko muzima" kwa sababu nilisimama juu yake. Saa mbili kilimkamata tena, dakika nne. Sindano ilikuwa saa tatu.

Nilikuwa na saa moja ya kwenda kwa shefu, ambaye nyumba yake ni ya sita kutoka kwangu. Nilimwomba jirani wa juu, mama mmoja muuza mkaa, akae na mbwa, nikateremka kituoni. Nilitaka kuiona ya tatu. Nilikaa kwenye benchi la mbele. Alikuwa amekonda, na sindano ilipoingia machozi yalimtoka, akanitazama akiyafuta. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba nilijua. Sitadanganya: ilikuwa tamu. Nimeshaitafuta ndani yangu aibu ya dakika ile na sijaipata.

Mama muuza mkaa alinipokea njiani akikimbia. "Haiachi! Inamaliza, inaanza tena!"

Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni. Nilipiga kelele shefu aitwe, na alipofika aliniona nimekaa chini, mbwa mapajani anatikisika, kamba imekatwa vipande viwili.

"Maman, tulisikilizana nini?"

"Shefu, haikumukamata. Ile kidonda ni ya pikipiki. Umwambie akuonyeshe, uweke na yangu pembeni."

Nilifunua mguu wangu. Shefu aliinama, akatazama kwa muda. Kisha akauliza, kwa upole uleule, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili."

Alimtazama mbwa, akaitazama kamba. "Basi ni weye uliifunga," alisema, akaondoka kwenda kwa jirani.

Daktari, niliyempigia simu, alifika kwa pikipiki na kumchoma mbwa dawa ya kumtuliza. Ilichukua muda hadi miguu ikalegea. Hakufa. Siku ya kumi alisimama, akatembea hadi mlangoni, akaugonga kwa paji la uso. Jirani alikiri mbele ya mtaa, akaomba radhi kwa sauti ambayo hata waliokuwa mbele hawakuisikia vizuri. Nilimwambia arudie kwa nguvu. Akarudia.

Tangu hapo nusu kidonge haitoshi tena. Mbwa anakunywa kizima asubuhi na kizima jioni, na daktari anasema ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho wake. Jicho la kushoto halifuati kitu. Nikimpa sambaza upande huo lazima kwanza nimguse mdomo. Kwenye daftari, ukurasa wa Jumatatu ile, niliacha mahali pa kuandika sababu. Nilishika kalamu kwa muda mrefu, maneno ya shefu yakiwa bado masikioni, kisha nikaandika: jirani. Najua hiyo ni nusu tu ya habari. Sijaifuta.