Jiko ya Matofali

Niseme wazi, kabla haya haijanifunga mudomo: jiko yangu, ile nyumba ya kupikia kule kwangu Mudzipela, ilijengwa na mufungwa, na ile jiko ndiyo ilimubakisha gerezani mwaka muzima zaidi.

Nilikuwa daktilo, mupiga mashine, kwa ofisi ya gereza, pale Bunia. Wakati ule wafungwa walikuwa wanatoka asubui na askari, wanaenda kutumika kwa manyumba ya wakubwa. Siye wadogo pia tulikuwa tunapata wetu. Mimi walinipa fundi mumoja wa matofali, mutu wa kule Kpandroma, wa kimya. Walimufunga juu ya kuuza ngombe ya shemeji yake. Lakini kazi yake, mama yangu! Majirani walikuja kuangalia ukuta, na mimi najivuna tu.

Kila mwaka, mbele ya sikukuu ya taifa, direkta wa gereza na watu wa parke, wale wa mashitaka, walikuwa wanachagua wafungwa wa kuombea musamaha kwa Rais. Walisoma karatasi ya mwenendo ya kila mutu, na zile karatasi nilizipiga mimi kwa mashine. Askari waliniambia habari ya fundi: hana kosa hata moja. Ukuta ya jiko yangu ilikuwa imefika kwa dirisha tu. Nikaandika: mwenendo wake bado wa kuangaliwa. Direkta akatia sinyatire, jina yake chini, bila kusoma. Ni vile tu.

Majina ya wenye kusamehewa ikarudi kutoka Kinshasa. Siku ya kufungua wafungwa, muke wa fundi alifika na shati ya bwana yake, ameipiga pasi. Direkta akanituma nisome majina kwa mulango. Nikasoma. Wanaume wakatoka, watu wakapiga vigelegele. Yule muke akabaki amesimama na shati yake.

«Mama, samahani, soma tena. Pengine umeruka moja.»

Nikasoma tena, polepole, kidole kwa kila jina, kama vile natafuta, mpaka chini kabisa. Muongo mukubwa mimi! Akanishukuru. Akaniachia ile shati nimufikishie bwana yake.

Kesho yake fundi akakuja kwangu na askari. Nikamupa shati. Aliifungua, akaiangalia, akaikunja tena muzuri na kunirudishia.

«Uniwekee, mama, mpaka mwaka kesho. Kule ndani wataiiba. Weye nakuaminia.»

Kisha akachukua mwiko wake wa kujengea, akaanza kunimalizia ukuta.