Damu ya Mama Mdogo

Kwao walimwita Daktari, na jina hilo lilimkera, maana hakuwahi kumtibu mtu hata mafua. Alikuwa mwanamke mwenye shahada ya uzamivu, aliyeajiriwa kwa mkataba katika maabara ya Profesa mmoja kutafuta kingamwili, zile chembe ambazo mwili huzitengeneza kupambana na maradhi. Ukipata iliyo kali, unaweza kuizalisha kwa wingi ikawa dawa. Lakini kuipata kulichukua miaka, na homa haina subira.

Homa ya kirusi kipya ilipozuka, mama yake mdogo aliugua akapona. Mumewe hakupona. Msiba haujapoa, Daktari akaenda kwa haya kumwomba damu. Mama mdogo alitaka kujua jambo moja tu, kama itasaidia watu. Akaambiwa itasaidia, akanyoosha mkono.

Damu ile ilikuwa na hazina. Daktari alikuwa amebuni njia ya kufungia kila seli peke yake ndani ya kitone kisichoonekana kwa macho, pamoja na kipande cha kirusi, kisha mashine ikachagua vitone vilivyong'aa, ishara kwamba kingamwili imekishika kirusi. Kazi ya mwaka ikawa ya wiki chache. Kingamwili moja ilikizima kirusi kabisa. Alirudia jaribio kwa kutoamini macho yake, kisha akajifungia chooni akalia kwa furaha.

Halafu homa ikatulia, na hamu ya wafadhili ikatulia nayo. Kuijaribu dawa kulihitaji kiwanda, na hakuna kiwanda kilichotaka dawa ya ugonjwa usio na wagonjwa. Profesa hakuwa mtu mbaya. Alimwambia wazi kwamba mkataba utaongezwa iwapo mashine itahamia ugonjwa mwingine. Daktari akaihamisha. Kichupa cha kingamwili ile kikaingia kwenye friza, nyuma ya sampuli za wengine, naye Profesa akazunguka mikutanoni kusifu kasi ya njia yao na kupigiwa makofi.

Mama mdogo alipiga simu kuuliza dawa imefika wapi. Bado kidogo, akajibiwa. Baadaye akauliza tena, jibu likawa lile lile. Mwishowe akaacha kuuliza, na Daktari, Mungu amsamehe, akaona nafuu.

Homa ilirudi. Ikamkamata binti pekee wa mama mdogo, fundi cherehani mcheshi aliyezoea kumtania Daktari kwamba koti lake jeupe limekatwa na mtu mwenye hasira. Mama yake alimuuguza mwenyewe. Daktari alisimama mbele ya friza, mlango wazi, baridi ikimpiga usoni. Kilichokuwamo hakikutosha hata dozi moja, wala hakijawahi kuingia kwenye mshipa wa panya, seuze wa mtu. Akafunga mlango. Binti akafariki wiki hiyo hiyo.

Sasa fedha zikamiminika. Profesa, amechangamka, akaeleza kwamba kirusi kimebadilika na kingamwili ya zamani haikishiki vizuri. Lakini yule mama amemuuguza mwanawe bila kuugua, kwa hiyo damu yake imekwisha kukizoea kirusi kipya, na sasa ni bora kuliko ya mwanzo. Daktari aende akaombe tena.

Alimkuta amekaa sebuleni peke yake. Akamwamkia, akaitikiwa, akaletewa maji. Alitoa ombi lake macho yakiwa sakafuni.

"Ile ya kwanza mliifanyia nini?" mama mdogo akauliza.

"Tuliiweka, mama."

"Mkaiweka."

"Nilipaswa kupiga kelele. Niliogopa kukosa kazi."

Sauti ya mama mdogo haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Daktari zaidi.

"Wewe ni mtoto wa dada yangu. Hapa utakula na utalala. Ila kwa hilo usinijie tena."

Daktari alirudi akamwambia Profesa kwamba mama amekataa. Profesa akauliza kama alielezwa vizuri umuhimu wake.

"Alielezwa," Daktari akasema. "Nilimweleza mimi, mara ya kwanza."

Walipata damu ya mtu mwingine, dereva wa lori aliyepona. Naye aliuliza kama itasaidia watu. Daktari akajifanya anatafuta pamba, akamwachia muuguzi ajibu.